Land Rover 109 baada ya moto: shajara ya kufunga upya nyaya

Mwishoni mwa Mei

Gari linalohusika ni Land Rover 109 ya Series III, ya petroli, yenye injini ya lita 2.25, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likishusha viazi mviringo kutoka mashamba ya familia huko Uporoto hadi Uyole na soko la Mwanjelwa, Mbeya. Magari ya toleo hili yalitengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, nayo hutumia betri ya volti 12 ambayo upande wake hasi umefungwa kwenye bodi. Shajara hii inaanza kwa sababu gari limeshika moto, na ninataka kila hatua ya kulirudisha barabarani iwe na maelezo ambayo fundi mwingine, au ndugu atakayelirithi, ataweza kuyafuata bila kubahatisha.

Moto ulianzia Isongole, kwenye barabara ya Tukuyu, mahali ambapo ukungu hushuka alasiri na madereva huwasha taa hata kabla ya jua kuzama. Baba mdogo, ambaye ndiye dereva, alikuwa amewasha taa mbili za ukungu zilizofungwa kwenye bampa. Alisikia kwanza harufu kali ya plastiki inayoungua, kisha akaona moshi ukitoka chini ya dashibodi karibu na usukani. Aliegesha, akazima ufunguo, na injini ikazimika mara moja. Lakini taa za ukungu zilififia tu bila kuzimika, na moshi ukazidi kuwa mzito. Ukweli kwamba moto uliendelea kupata umeme wakati ufunguo umezimwa ndio uliotupa dalili ya kwanza ya chanzo chake, na ndiyo sababu nilimwomba anisimulie zaidi ya mara moja kabla ya mtu yeyote kugusa waya.

Aliwashusha abiria na kuwapeleka upande ambao upepo ulikuwa unatoka. Hakuinua boneti yote, kwa kuwa hewa ikiingia kwa wingi moto hupanda ghafla. Alifungua lachi, akaacha upenyo mdogo, akaingiza mdomo wa mtungi wa unga na kupuliza kuelekea kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na sehemu ya dereva. Miali ilizimika, kisha ikarudi, kwa sababu waya ulikuwa bado mwekundu na bado ulikuwa unapokea umeme. Alipuliza tena, na miali ilipolala alifungua kichwa hasi cha betri kwa spana na kukivuta pembeni. Hapo ndipo moshi ulipokatika. Watu wa pale walikuwa wameshaandaa udongo mkavu na wengine wakipiga 114, namba ya Zimamoto, lakini kwa bahati njema hapakuwa tena na moto wa kuzima. Nimemweleza kila anayeendesha gari hili kwamba unga huzima miali tu. Moto wa umeme hufa pale chanzo cha umeme kinapokatwa, na spana ya betri haina budi kukaa mahali mkono wa dereva unapofika.

Baba mdogo alikohoa kwa siku kadhaa na tulimpeleka kupimwa kifua. Plastiki ya PVC inayofunika nyaya ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa koo na mapafu hugeuka asidi. Kwa hiyo asiingize mtu kichwa chini ya dashibodi inayofuka moshi, hata kama anaona mahali panapoungua.

Juni, mwanzoni

Gari lilivutwa hadi gereji moja ya Mwanjelwa, kwa mzee ambaye amefanya kazi ya umeme wa magari tangu enzi ambazo Land Rover zilikuwa nyingi kuliko gari lolote jingine katika barabara za nyanda hizi. Nilimsalimu, akaitikia, akazunguka gari kimya, kisha akasema, "Mwalimu, betri isirudi humu mpaka kila waya uwe umepimwa. Mtu asije akakudanganya kwamba tuwashe tu tuone." Nilikubali mara moja, na kijana wake akaibeba betri na kuiweka kwenye rafu ndani ya stoo.

Kazi ya kwanza haikuwa ya nyaya. Ilikuwa ya kuondoa unga wa mtungi, na naiandika kwa kirefu kwa sababu wengi huiacha. Unga wa mitungi mingi ya magari una chumvi ya fosfeti ya amonia, ambayo hunyonya unyevu wa hewa na kuanza kula metali, na hewa ya Mbeya wakati huu wa mwaka, yenye umande wa asubuhi, inatosha kabisa kuuamsha. Bodi ya gari hili ni ya alumini na fremu yake ni ya chuma, na viungo vyote vya umeme ni vya shaba au shaba nyeupe, kwa hiyo hakuna sehemu iliyo salama. Tuliutoa kwanza ukiwa mkavu, kwa brashi laini na upepo wa kompresa, tukiwa tumefunga pua kwa barakoa. Maji yalifuata baadaye, tena kwa kitambaa kilichokamuliwa, kwa kuwa ukimwagiwa maji kabla ya kupunguzwa hugeuka uji na kupenya ndani ya swichi. Nyuma ya geji ya mwendokasi tulikuta umejaa kama vumbi la njano, na swichi ya ufunguo ilibidi ifunguliwe kabisa.

Juni, katikati

Leo tumetoa mkusanyo mzima wa nyaya na kuulaza juu ya meza ndefu kwa mpangilio uleule uliokuwa nao ndani ya gari, mbele kushoto na nyuma kulia. Kabla ya kung'oa kila kiungo kijana wa fundi alikipiga picha na kukifungia kipande cha karatasi chenye namba. Kazi hii ilichosha, lakini bila karatasi hizo tungepoteza muda mara kumi zaidi wakati wa kurudishia.

Nyaya zilizoungua husimulia, mradi mtu ajue kuzisoma. Waya uliochomwa na moto wa jirani huanza kuharibika nje: plastiki yake huwa nyeusi juu, lakini ukiikata utaikuta ndani bado ina rangi yake na bado imeshika shaba. Waya uliopata joto kutoka ndani, kwa sababu ya umeme mwingi kupita kiasi, huharibika kinyume chake: plastiki hulegea kutoka kwenye shaba kwa urefu wote, ukivuta inateleza, na tabaka la ndani ndilo lililoungua zaidi. Tulikata vipande vya kila waya na kuvipanga kwa makundi hayo mawili. Kundi la pili lilikuwa na waya mmoja tu ulioharibika kwa urefu wake wote, nao haukuwa wa kiwandani. Ulikuwa waya mweusi wa kufungia umeme wa nyumba, wenye uzi mmoja mnene wa shaba, uliotoka moja kwa moja kwenye kichwa chanya cha betri, ukapita kwenye tundu la ukuta wa bati, ukafika kwenye swichi ya taa za ukungu na kurudi mbele kwenye bampa. Njia nzima haikuwa na fyuzi wala rilei, yaani swichi inayowasha mkondo mkubwa kwa kutumia mkondo mdogo.

Tundu lenyewe lilitobolewa na aliyefunga taa hizo zamani, na halikuwekwa raba. Tulipoumulika ukingo wake kwa tochi tuliona sehemu ndogo iliyong'aa, umbo la mwezi mchanga, mahali ambapo rangi na kutu vilikuwa vimesuguliwa vikaisha. Waya uliokuwa ukipita hapo umekatika, na kwenye ncha yake kuna tone la shaba lililoyeyuka, dogo kama punje ya ulezi na la mviringo kabisa. Shaba huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085, kiasi ambacho plastiki inayoungua peke yake kwa kawaida haifiki katika nafasi kama ile. Tone la namna hiyo huachwa na cheche ya shoti. Fundi alilitazama, akanikabidhi bila kusema neno, nami nimelihifadhi ndani ya kichupa.

Juni, bado kwenye meza

Nimeona inafaa kupiga hesabu ili tusimlaumu waya kwa hisia tu. Taa za ukungu zilikuwa na globu za wati 100 kila moja. Wati 200 kwa volti 12 ni ampea karibu 16.7. Waya ulikuwa na unene wa milimita mraba 1.5 na urefu wa mita 4 hivi, na kwa kuwa shaba ina ukinzani (kiasi inavyoupinga umeme kupita) wa omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wa milimita mraba moja, ukinzani wake wote ulikuwa omu 0.047. Kwa mkondo huo waya ulimeza volti 0.78 na kugeuza wati 13 kuwa joto. Wati 13 zilizotawanyika kwenye mita 4 haziwezi kuchoma gari. Lakini waya huo ulikuwa umefungwa kwa tepu ndani ya kundi la nyaya nyingine, mahali ambapo joto halina pa kutokea, karibu na injini ambayo nayo inapandisha mlima. PVC ya kawaida ya nyumba hutengenezwa kwa kustahimili nyuzijoto 70. Ikilegea kwa joto, ukingo wa bati usio na raba unaikata kwa kila mtikisiko wa barabara, na siku moja shaba inagusa chuma.

Baada ya hapo hesabu hubadilika. Betri ya gari katika shoti hutoa ampea mia kadhaa, na waya mwembamba hauhitaji hata dakika kuwa mwekundu. Waya ule ulikuwa ubavuni mwa nyaya za kahawia, ambazo katika rangi za Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari, ndizo zinazobeba umeme wa betri moja kwa moja bila fyuzi, kutoka kwenye stata hadi kwenye alternata, yaani jenereta inayochaji betri, na swichi ya ufunguo. Magari mengi ya zama zile yalijengwa hivyo, na yakitunzwa yanaenda miaka mingi bila tatizo. Ila plastiki ya waya wa kahawia ilipoyeyuka kwa joto la jirani, shoti zikawa mbili, na hiyo ya pili nayo haikuwa na kitu cha kuikata.

Nilizungumza na fundi kwa muda mrefu kuhusu fyuzi, kwa sababu naamini hapo ndipo gari zetu nyingi za zamani zinapoponea au kuangamia. Watu husema fyuzi inalinda taa au redio. Kazi yake hasa ni kulinda waya usiwe moto, na kwa sababu hiyo lazima ikae mwanzoni mwa waya, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Fyuzi iliyowekwa mwisho wa waya, karibu na taa, inauacha waya wote ulio nyuma yake bila mlinzi. Ukubwa wake huchaguliwa kwa kutazama waya mwembamba kuliko wote katika njia hiyo.

Katika kisanduku cha fyuzi cha asili tulikuta fyuzi moja ya kioo imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nyingine ilikuwa nzima na imeandikwa 35, na hapa pana jambo ambalo halifahamiki sana gereji. Fyuzi za kioo za Lucas zilizoandikwa ampea 35 zinataja mkondo unaozikata, na zinastahimili ampea karibu 17 tu kwa muda mrefu. Fyuzi za kioo za nchi nyingine zinazofanana nazo huandikwa mkondo ambao zinaweza kuubeba muda wote. Anayetoa ya kwanza na kuweka ya pili yenye namba ileile amezidisha mara mbili kiasi cha umeme kinachoruhusiwa kupita kwenye waya uleule, na hatajua, kwa sababu kila kitu kitawaka vizuri.

Juni, mwishoni

Tumeamua kutounga vipande. Kulikuwa na ushauri kutoka kwa watu wenye nia njema kwamba tukate sehemu iliyoungua, tuunganishe nyaya mpya katikati na kufunga tepu, kazi ambayo ingeisha kwa muda mfupi na kwa fedha kidogo. Siwezi kukubaliana nao. Plastiki iliyopata joto bila kuungua huonekana nzima lakini huwa imekauka. Tulikunja waya mmoja mwekundu wa taa za nyuma, ulioonekana salama kabisa, na ngozi yake ikapasuka kwa pete mfululizo. Gari hili hubeba watu, na halina budi kufungwa nyaya mpya kutoka mbele hadi nyuma.

Rangi tumezifuata zilezile ili mchoro wa kiwanda uendelee kutumika: kahawia kwa umeme wa betri, nyeupe kwa umeme wa ufunguo, kijani kwa umeme wa ufunguo uliopita kwenye fyuzi, zambarau kwa ulio na fyuzi na usiozimika, bluu kwa taa kubwa, nyekundu kwa taa ndogo na nyeusi kwa upande wa bodi. Kupata rangi zote kulituchukua muda kuliko tulivyotarajia, na kwa zambarau ilibidi tuagize Dar es Salaam.

Ubora wa waya unahitaji jicho. Madukani kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, unaouzwa kwa rangi na unene uleule kama wa shaba halisi. Unaweza kuutambua kwa kukwangua uzi mmoja kwa kisu: ukitokea weupe chini ya wekundu, si shaba tupu. Pia ni mwepesi mkononi. Alumini ina ukinzani mkubwa zaidi, hukatika haraka ikitikiswa, na kwenye viungo vya kubana hulegea kadiri inavyopata joto na kupoa. Tulirudisha bunda moja kwa sababu hiyo, na muuza duka alilipokea bila ubishi.

Kwa alternata, ambayo ni ya ampea 34, tumeweka waya wa milimita mraba 6. Taa kubwa zimepewa 2.5, vifaa vya kawaida 1.5, taa ndogo 1. Waya wote una nyuzi nyingi nyembamba, kwa sababu uzi mmoja mnene kama ule wa nyumba huchoka kwa mtikisiko na kukatika ndani ya plastiki yake bila mtu kuona.

Julai, mwanzoni

Baridi ya asubuhi imekuwa kali na waya mpya huwa mgumu kukunjika mpaka jua lifike uani, kwa hiyo kazi huanza saa tatu.

Viungo vyote vimebanwa kwa koleo maalumu la kubana, na hakuna kilicholehemewa kwa risasi. Nilikuwa na swali kuhusu hili, kwa kuwa nililelewa nikiona mafundi wa redio wakilehemu kila kitu, na Mzee alinieleza kwa vitendo. Alichukua waya uliolehemewa, akaushika karibu na kiungo na kuutikisa. Risasi ilikuwa imepanda ndani ya nyuzi na kuzigeuza kuwa fimbo ngumu, na waya ulikatika pale pale fimbo ilipoishia. Zaidi ya hapo, risasi ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzijoto 183, na kiungo kilicholegea kinaweza kufika huko. Hesabu yake haina ugumu: kiungo chenye kutu chenye ukinzani wa omu 0.1 tu kikipitiwa na ampea 20 hutoa wati 40 za joto mahali pamoja, sawa na pasi ya kulehemu iliyowashwa na kusahauliwa nyuma ya dashibodi. Baada ya kubana, kila kiungo tulikivuta kwa mkono kwa nguvu, kisha tukakifunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto.

Tundu la zamani limechongwa kwa tupa mpaka ukingo wake ukawa laini, likapakwa rangi na kuwekwa raba nene. Kundi la nyaya limeingizwa ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo na kushikiliwa kwa vibanio vilivyo karibu karibu, ili lisiweze kucheza wala kufikia mkono wa usukani au bomba la moshi. Mpira wa petroli unaopita karibu na mahali moto ulipokuwa ulibabuka kwa nje; umebadilishwa pamoja na vibanio vyake, ingawa haukuwa umevuja.

Fyuzi kuu ya ampea 50 imewekwa kwenye waya wa kahawia, sentimita 15 kutoka kichwa chanya cha betri. Waya pekee usiopita hapo ni ule mnene wa stata, ambao huvuta mkondo mkubwa kuliko fyuzi yoyote ya kawaida. Huo tumeuvalisha mpira wa ziada na kuupitisha mahali ambapo hakuna chuma kinachousugua.

Taa za ukungu zimerudi, safari hii zikiwa na globu za wati 55, fyuzi ya ampea 15 na rilei. Umeme wa betri unaingia kwenye mguu namba 30 wa rilei na kutokea 87 kuelekea kwenye taa, wakati miguu 85 na 86 ni ya koili inayoivuta swichi yake, ambayo huvuta chini ya robo ampea. Kwa hiyo waya unaoingia ndani kwa dereva hauna kazi kubwa tena, na koili tumeipa umeme wa ufunguo ili kuzima ufunguo kuzime na taa hizo. Taa kubwa nazo zimepata rilei mbili, moja ya mwanga wa juu na moja ya mwanga wa chini.

Julai, katikati

Upande wa bodi ndio uliotushangaza. Umeme unaotoka upande chanya lazima urudi kwenye betri, na katika gari ambalo bodi ni ya alumini na fremu ni ya chuma, mahali metali hizi mbili zinapokutana kwenye unyevu huliwa taratibu mpaka umeme unashindwa kupita. Mkanda wa shaba unaounganisha injini na fremu ulikuwa umebaki nyuzi chache. Hali hiyo ni ya hatari yenyewe, kwa kuwa stata ikikosa njia ya kurudisha umeme hutafuta nyingine, na mara nyingi huipata kwenye kebo nyembamba ya choki au ya mafuta, ambayo huwa nyekundu ndani ya sekunde chache. Tumefunga mkanda mpya, tumekwangua rangi mahali pa kufungia mpaka chuma king'ae, tumekaza na kupaka grisi juu. Taa za mbele na za nyuma zimepewa nyaya nyeusi zinazorudi hadi sehemu moja kwenye fremu, badala ya kutegemea skrubu za bodi.

Julai, mwishoni

Betri imetoka stoo.

Hatukuifunga moja kwa moja. Tulitoa globu zote za gari, tukafungua waya wa koili inayotoa cheche za injini na nyaya za geji, kisha kati ya kichwa hasi cha betri na waya wa bodi tukaunganisha globu ya breki ya wati 21. Globu hiyo hairuhusu zaidi ya ampea 1.75 kupita, hata kama kuna shoti kamili upande wa pili, na hutoa taarifa kwa macho: ikikaa giza njia ni safi, ikiwaka kwa nguvu kuna mahali chanya kinagusa bodi. Ningependa kila gereji inayorudishia nyaya ifanye hivi kabla ya kufunga betri.

Globu ilikaa giza. Ufunguo ukawashwa, ikakaa giza. Tuliwasha swichi moja moja, taa ndogo, taa kubwa, wipa na honi zikiwa zimefunguliwa nyaya zake, na kila mara ikakaa giza mpaka kijana wa fundi alipokanyaga breki. Iliwaka yote. Tulifuata waya wa breki kwenye fremu hadi nyuma, na karibu na taa ya kulia tukakuta kibanio kimoja kimekazwa juu yake na kuukata ngozi. Waya mpya kabisa, uliofungwa kwa uangalifu, ulikuwa umeshapata jeraha lile lile lililochoma gari Isongole. Ulibadilishwa wote, wala haukuungwa, kisha breki ikakanyagwa tena na globu ikabaki giza.

Baada ya hapo betri ilifungwa. Wakati wa kupiga stata tulipima kati ya kichwa hasi cha betri na injini na kusoma volti 0.18, kiasi ambacho ni kizuri. Injini ikiwa inanguruma na taa zote zikiwaka, betri ilisoma volti 13.9 na taa za ukungu 13.6. Tuliziacha zikiwaka kwa nusu saa, kisha Mzee akapitisha kiganja kwenye kila kiungo, kila rilei na kila fyuzi. Rilei za taa kubwa zilikuwa na uvuguvugu. Vingine vyote vilikuwa vya baridi.

Agosti

Tumepanda nalo hadi Isongole na kurudi, usiku, ukungu ukiwepo, na baba mdogo ndiye aliyeendesha. Barabara ilionekana vizuri kuliko ilivyokuwa kwa globu za wati 100, jambo ambalo lina sababu yake: mwanga wa globu hushuka haraka sana volti zinapopungua, na zile za zamani hazikuwahi kupata volti zilizostahili. Tuliporudi Uyole tulifungua boneti na kunusa. Hapakuwa na harufu isiyo ya kawaida.

Mtungi mpya wa unga umefungwa kwenye kishikio mbele ya kiti cha katikati, ambako dereva anaufikia akiwa amekaa. Wa zamani ulikuwa nyuma chini ya magunia. Utaangaliwa geji yake kila mwezi na kugeuzwa juu chini, kwa kuwa unga hushikamana chini kwa mtikisiko wa barabara.

Yaliyobaki ni mawili. Geji ya mafuta bado inasoma nusu hata tangi likijaa, na tunadhani ni kifaa kilichomo ndani ya tangi, kwa hiyo tutakifungua siku ambayo tangi litakuwa karibu tupu. Swichi ya kukatia betri imeshanunuliwa na itafungwa kando ya kiti cha dereva. Karibu nayo tutaweka maandishi kwamba isizimwe injini ikiwa inanguruma, kwa sababu alternata ikikosa betri ghafla huunguza dayodi zake, vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Orodha ya fyuzi, pamoja na unene wa waya ambao kila moja inaulinda, imebandikwa ndani ya kifuniko cha kisanduku.